Jeli ya matabaka ya rangi kwa sherehe za Julai: mbona matabaka yanateleza?

Mama Zuhura, Salt Lake City

Ndugu wapishi, nawasalimu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Salt Lake City katika jimbo la Utah kwa mwaka wa sita sasa, na naomba msaada wenu katika jambo lililonishinda mara tatu mfululizo. Kila kiangazi mtaa wetu hufanya sherehe mbili za nje: moja Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, na nyingine Julai 24, siku ambayo watu wa Utah huadhimisha kuwasili kwa walowezi wa Kimormoni katika bonde hili mwaka 1847. Kila nyumba huleta chakula chake. Mwaka huu majirani wameniomba nilete jeli ya matabaka, nyekundu, nyeupe na buluu, ya kuwatosha watu wapatao arobaini. Nimeikubali kazi hiyo kwa moyo mmoja, maana huku jeli si kitu cha watoto peke yao: mwaka 2001 Utah iliifanya Jell-O kuwa kitafunio rasmi cha jimbo, na mgeni akipewa nafasi ya kuileta mezani ni heshima ambayo sitaki kuiharibu.

Nilianza kufanya majaribio tangu ile Jumatatu ya mwisho ya Mei ambayo hapa ni siku ya mapumziko. Mara ya kwanza nilitengeneza tabaka jekundu usiku, nikaliacha kwenye friji hadi asubuhi, kisha nikamimina juu yake tabaka jeupe la maziwa mazito ya kopo. Lilishika vizuri na kupendeza macho, lakini kisu kilipopita tu, tabaka jeupe likateleza na kutoka zima zima kama ukoko unavyobanduka kwenye sufuria, likabaki jekundu peke yake kwenye sahani. Mara ya pili nilimimina la buluu juu ya jeupe likiwa bado linatoa mvuke. Pale lilipoangukia likatoboa shimo, likazama, na nilipotazama ubavuni mwa bakuli la kioo nikaona wingu la buluu iliyopauka likielea ndani ya maziwa. Mara ya tatu nilitaka kuongeza ladha ya nyumbani, nikatia vipande vya nanasi lililoiva, nililolimenya mwenyewe. Baada ya saa nane kwenye friji ilikuwa bado ni uji mwepesi, haikuganda hata pembeni.

Naomba basi mnieleze kosa langu liko wapi katika kila moja ya hayo. Vilevile kuna mambo mawili yanayonihangaisha. La kwanza ni kwamba miongoni mwa wageni kuna Waislamu wenzangu wa Kisomali na wa Kikongo, na pia kuna familia ya Kihindi isiyokula nyama kabisa, na jelatini ya kawaida ya madukani hapa mara nyingi hutokana na nguruwe. La pili ni jua: mwezi wa Julai mchana hufika nyuzijoto 38, na sherehe ni uwanjani. Nitashukuru kwa jibu lolote litakalotoka kwa mtu aliyeifanya kazi hii kwa mikono yake.

Mpishi wa Provo

Mama Zuhura, karibu. Mimi pia niko Utah na nimepika kwenye jiko la shule kwa miaka mingi, ambako jeli hutengenezwa kwa trei kubwa kubwa, na hayo matatu yaliyokupata yalinipata na mimi, kwa hiyo nitayajibu kwa kirefu.

Nianze na nanasi kwa sababu ndilo rahisi. Jelatini ni protini itokanayo na ngozi na mifupa, na nanasi bichi, yaani lisilopikwa hata kama limeiva, lina kimeng'enya kiitwacho bromelini ambacho hukatakata protini. Wewe ni mtu wa Tanga, kwa hiyo jambo hili unalijua kwa njia nyingine: nyama ngumu ya mishkaki ikipakwa papai bichi hulainika, na ikisahauliwa humo usiku kucha hufumuka ikapoteza umbo. Nanasi lako liliifanyia jeli vivyo hivyo. Papai, kiwi, tini mbichi na tangawizi mbichi hufanya kazi ileile. Nanasi la kopo halina shida hata kidogo, kwani moto wa kiwandani umeshakiua hicho kimeng'enya, na hata la kwako lingekubali kama ungelichemsha dakika chache na kulipoza kabla ya kulitia.

Sasa matabaka. Siri yote iko katika hali mbili zinazokutana: tabaka la chini liwe limeshika lakini bado linanata, na la juu liwe limepoa lakini bado ni maji. Tabaka lako jekundu lililala usiku kucha, likakaza kabisa na kutoa umande juu yake, ndiyo maana jeupe halikupata mahali pa kushikilia. La buluu lilifanya kinyume chake, liliingia likiwa moto na kuyeyusha lilichokikuta, kwa kuwa jelatini huyeyuka karibu na nyuzijoto 35, yaani joto lililo chini ya lile la mwili wako. Kipimo changu ni kidole. Gusa tabaka la chini katikati, si pembeni, maana pembeni hutangulia kushika. Kidole kikitoka na unyevunyevu wa rangi, bado ni mapema. Kikitoka kikavu bila kunata, umechelewa. Kikinata kidogo na kuacha alama inayorudi yenyewe, mimina. Na kile unachokimimina, kiguse pia: kisikuchome wala kisikupashe joto. Kwenye friji yangu tabaka jembamba huchukua dakika 20 hadi 30, lakini usinifuate mimi kwa saa, fuata kidole chako.

Namna ya kumimina nayo ni muhimu. Shika kijiko kikubwa kwa kukifunika, mgongo wake ukitazama juu, karibu kabisa na jeli, umimine polepole juu ya mgongo huo ili maji yatawanyike badala ya kuchimba. Kabla ya yote hakikisha rafu ya friji imelala sawasawa, kwani trei ikiinama hata kidogo, upande mmoja wa bendera yako utakuwa mnene na mwingine uzi tu.

Kwa watu arobaini chukua trei ya kioo ya sentimita 33 kwa 23 na ufanye matabaka matano: jekundu, jeupe, la buluu, jeupe, jekundu. Kwa kila tabaka la rangi tumia boksi dogo la unga wa jeli la gramu 85, lakini usifuate maji ya kwenye boksi, ambayo ni kikombe kimoja cha moto na kimoja cha baridi. Tia kikombe kimoja cha maji yanayochemka, ukoroge dakika mbili nzima hadi usione chembe hata moja kwenye mgongo wa kijiko, kisha nusu kikombe tu cha maji baridi. Jeli ya kukatwa haitaki maji mengi. Kwa tabaka jeupe, nyunyiza pakiti mbili za jelatini isiyo na ladha, za gramu 7 kila moja, juu ya nusu kikombe cha maji baridi. Nasema nyunyiza, usizimwage kwa mkupuo, la sivyo zitafanya madonge makavu ndani ambayo hayayeyuki tena. Ziache dakika tano zivimbe, tia kikombe kimoja na nusu cha maji ya moto, koroga, halafu kopo moja la maziwa mazito yenye sukari la gramu 397. Mchanganyiko huo ugawe mara mbili, unatosha matabaka meupe yote mawili. Usiuchemshe, kwa kuwa jelatini inayotokota hupoteza nguvu. Ukikata safu nane kwa tano utapata vipande arobaini vyenye kimo cha sentimita mbili na nusu hivi.

Jambo la mwisho ni hewa yetu hapa bondeni, ambayo ni kavu mno wakati wa kiangazi. Jeli isiyofunikwa hufanya ngozi ngumu juu, na ngozi hiyo nayo hukataa kushikana na tabaka linalofuata. Mimi hutandaza karatasi ya plastiki juu ya trei kila ninapoirudisha kwenye friji.

Bibi wa Kibokoni, Mombasa

Mwanangu Mama Zuhura, maelezo ya mwenzetu hapo juu ni ya haki na sina la kupunguza, lakini kwa wageni uliowataja na kwa jua hilo unalolisema, mimi ningekutia moyo uiache jelatini kwa nusu ya kazi yako na uchukue agari, hii ambayo hapa Mombasa tunaiita chaina grasi. Inatokana na mwani mwekundu wa baharini, haina mnyama ndani yake, kwa hiyo Mwislamu hula, na jirani yako wa Kihindi asiyekula nyama naye hula, na huhitaji kumwekea mtu sahani ya pembeni kana kwamba amekuja kwa bahati mbaya. Sisi tuliolelewa Mji wa Kale tumeijua tangu utotoni: chaina grasi ya maziwa, yenye hiliki na zafarani, ikatwayo kwa umbo la almasi na kuletwa baada ya futari.

Ubora wake mkubwa kwako ni moto. Jelatini hulegea kwenye joto la mchana, bali agari hushika yenyewe mezani ikifika kama nyuzijoto 35 hadi 40, bila friji, na ikishashika haiyeyuki tena mpaka uirudishe karibu na 85. Jua la Utah liwe kali namna gani, halitaiyeyusha. Lakini nisikufiche upande wake wa pili. Haichezi wala haiyeyuki mdomoni kama jelatini, bali hukatika kwa mkato mkavu, na anayetarajia jeli ya kutetemeka atauona utofauti. Ndiyo maana mimi huitia maziwa au tui, kwani mafuta huilainisha.

Ukiipata ya unga, kipimo ni kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe cha maji yako yote, ukijumlisha maziwa. Ukiipata ya nyuzi, ile ndefu nyeupe kama tambi kavu, iloweke nusu saa na uikate kwa mkasi kwanza. Tia kwenye maji baridi ndani ya sufuria, koroga, kisha washa moto na uiache ichemke kweli kweli. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuwa huiona imeanza kutokota wakadhani imeyeyuka. Nyinyi mko juu ya mlima, na nimeambiwa na wajukuu wangu walioko nyanda za juu kwamba maji yao huchemka kabla ya kufika 100, kwa hiyo ongeza muda: dakika saba zisikutishe. Chota kijiko, kimimine juu ya sahani nyeupe na kitazame. Ukiona vichembe kama mchanga, rudisha motoni. Sukari itie baada ya agari kuyeyuka, maziwa yafuate yakiwa ya vuguvugu, na ndimu au maji ya matunda makali yatie baada ya kuepua, kwani ukiyachemsha pamoja agari itadhoofika. Na nanasi lako lililokushinda, mwanangu, litie bila hofu: agari si protini, kile kinachokula jelatini hakitapata cha kula hapa.

Matabaka yake yana sheria nyingine, wala usitumie ile ya jelatini. Agari haingoji. Weka sufuria za rangi zote juu ya moto mdogo kabisa zikae katika hali ya maji, mimina tabaka la kwanza, na mara tu uso wake unapofanya utando lakini ukitikisa trei unauona unacheza chini yake, mimina la pili likiwa moto. Ukilingoja la chini lishike kabisa, matabaka yatabanduka kama kurasa za kitabu. Ikikutokea kuchelewa, chana uso wa tabaka kwa ncha ya uma, mistari myembamba mingi, tabaka linalofuata lipate pa kujishikiza.

Kwa tabaka jeupe mimi hupenda tui zito la nazi, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na kijiko kimoja cha arki ya waridi. Angalizo ni moja: usilimimine tui likiwa linatokota. Likiwa moto sana hujitenga, mafuta hupanda juu na maji ya ukungu hubaki chini, ukajikuta na matabaka mawili usiyoyaomba. Koroga nje ya moto mpaka uone limeanza kuwa zito kwenye mwiko, ndipo umimine.

Watu huniuliza kila mara kama mwani ule unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, tangu 1989 ndio huu huu. Sio. Ule hutoa karajinani, ambayo ni ndugu yake lakini hushika kwa namna nyingine, kwa hiyo usije ukachemsha mwani wa sokoni ukitarajia chaina grasi.

Fundi wa Keki, Dar es Salaam

Dada Mama Zuhura, shikamoo kwa bibi wa Kibokoni, ambaye nakubaliana naye karibu kwa yote. Naongeza jambo moja ambalo naona halijasemwa na linaweza kukugharimu trei nzima: usichanganye jelatini na agari katika trei moja. Utashawishika kufanya jekundu la boksi na jeupe la agari, lakini agari lazima imiminwe ikiwa moto, na ikiigusa jelatini iliyoshika itaiyeyusha papo hapo. Hata ukianza na agari chini na jelatini juu, hazishikani vizuri, kwani moja hukatika na nyingine huvutika, na kisu huzitenganisha. Trei moja, kigandishi kimoja.

Kuhusu tui la nazi, hapo natofautiana kidogo na bibi, na nasema hivi kwa upande wa jelatini tu. Tui zito likiingia kwenye friji mafuta yake huganda kuwa punje, na tabaka jeupe linakuwa na uso wenye mabaka badala ya kung'aa. Kwenye agari inayoliwa bila kuwekwa kwenye baridi kali halionekani, lakini kwenye jelatini tumia maziwa mazito au tui jepesi. Nimeliona hili kwenye kazi za harusi mwezi wa Desemba, wakati joto letu la Dar liko juu na friji inafunguliwa kila dakika.

Ukitaka kuielewa jelatini, kumbuka supu ya makongoro inavyolala kwenye friji. Asubuhi sufuria yote imeganda ukaweza kuigeuza, na ukiiweka juu ya meza kwa muda inaanza kulegea pembeni kabla hata ya kufika jikoni. Ni kitu kilekile. Kwa hiyo kuongeza pakiti ya tatu ya jelatini kwenye tabaka jeupe, jambo ambalo nalishauri kwa sherehe ya nje, kutaifanya iwe ngumu zaidi na ichelewe kulegea, lakini hakutabadilisha ukweli kwamba kwenye nyuzijoto 38 itayeyuka.

Kwa wateja wangu wa kiangazi mimi nimeacha trei, natengeneza kwenye vikombe vya plastiki vinavyoona ndani. Havikatwi, kwa hiyo hakuna tabaka la kuteleza, na kila mtoto anashika chake. Ukitaka wageni washangae, inamisha vikombe kwenye trei ya mayai ndani ya friji, kila kikombe kwenye tundu lake, mimina jekundu lishike likiwa limelala ubavu, kisha geuza upande wa pili kwa jeupe, halafu visimamishe wima kwa buluu. Utapata mistari ya mshazari isiyohitaji ujuzi mwingine wowote zaidi ya subira.

Mzanzibari wa Maskati

Nachangia kwa ufupi kuhusu halali. Hapa Omani jelatini ya madukani hutokana na ng'ombe, na kwa Marekani ipo pia kwenye maduka ya vyakula halali, ikiwa na maandishi wazi kwenye pakiti. Utaiona pia jelatini ya samaki. Ni halali bila shaka, ila usiichague kwa ajili ya uwanjani, kwa kuwa huyeyuka kwenye joto la chini zaidi kuliko ile ya ng'ombe. Na uangalie jambo hili: maboksi ya rangi na ladha yana jelatini yake ndani tayari, kwa hiyo kununua jelatini halali ya tabaka jeupe peke yake hakutoshi. Tafuta maboksi ya jeli halali ya rangi, au fanya rangi zako mwenyewe kwa maji ya matunda na jelatini isiyo na ladha.

Mama Zuhura, Salt Lake City

Bibi, shikamoo, na ahsanteni sana nyote. Nimeyachukua maneno yenu hadi jikoni, na Jumamosi nzima nimefanya trei mbili, moja ya jelatini ya ng'ombe na nyingine ya agari, na nimeona nirudi kuwaeleza kilichotokea kabla sijauliza swali la mwisho.

Trei ya jelatini imeshikana. Nilifuata kidole kama alivyosema mpishi wa Provo, na kwenye friji yangu ikawa dakika 25 kwa matabaka ya rangi, ila la maziwa lilitaka karibu 35. Nilipomimina juu ya mgongo wa kijiko niliona kwa macho yangu jinsi buluu ilivyotandaa kama shuka bila kuchimba. Nilipokata, ubavu wa kila kipande ulikuwa na mistari mitano iliyonyooka, nami nilikaa nikiitazama kwa muda kabla ya kumwita mtu.

Agari ya kwanza niliichemsha dakika mbili, na punje zilionekana kwenye sahani nyeupe kama bibi alivyonionya. Niliirudisha motoni hadi dakika saba, zikaisha. Matabaka yake niliyamaliza yote kwa muda usiofika nusu saa, jambo lililonishangaza baada ya siku nzima ya jelatini. Nimetia nanasi langu bichi kwenye tabaka la juu, na safari hii limeganda.

Kisha nilitoa kipande kimoja cha kila aina nikakiweka barazani kwenye jua, kipimajoto kikisoma 35. Baada ya robo saa kipande cha jelatini kilikuwa kimepoteza pembe zake, na kufika nusu saa kilikuwa kimekaa ndani ya dimbwi la rangi. Cha agari kilisimama vilevile, isipokuwa kilitoa maji kidogo chini. Kwa hiyo nimeamua: trei ya agari itakaa mezani uwanjani kwa ajili ya wote, na jelatini nitaitoa kwa zamu ikiwa juu ya barafu, kwa wale wanaopenda ile ya kutetemeka.

Ninaloomba sasa ni ushauri wa mwisho. Je, nikate nyumbani au pale pale uwanjani, na je, naweza kuitengeneza siku tatu kabla, kwa kuwa Julai 2 na 3 nina kazi?

Mpishi wa Provo

Kata nyumbani, ikiwa baridi kabisa. Chovya kisu kwenye maji ya moto, ukifute, kata mara moja kwa kushusha moja kwa moja bila kukivuta kama msumeno, kifute tena. Viache vipande ndani ya trei yake, funika, na uiweke hiyo trei ndani ya trei kubwa zaidi yenye barafu. Uwanjani fuata kanuni ya Idara ya Kilimo ya Marekani kwa vyakula vya maziwa: kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzijoto 32 kisizidi saa moja. Ndiyo maana zamu uliyoipanga ni nzuri. Kanuni hiyo inaihusu pia agari yenye maziwa au tui. Kusimama kwake kusikudanganye kwamba haiharibiki, kwa hiyo nayo ukate trei mbili ndogo badala ya moja kubwa.

Siku tatu ni nyingi mno kwa rangi hizi. Jeli ni maji kwa sehemu kubwa, na rangi husafiri ndani yake taratibu hata kwenye friji. Siku ya kwanza mpaka kati ya jekundu na jeupe ni mkali, siku ya tatu utauona ukanda wa waridi. Usiku wa Julai 3 unatosha. Kama huna nafasi kabisa, pima maji na uloweke vitu vyako mapema, ubaki na kumimina tu.

Bibi wa Kibokoni, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Hayo maji yaliyotoka chini ya agari ni kawaida yake, hayana ubaya. Tandika kitambaa safi chembamba kilichokunjwa chini ya vipande unapovipanga kwenye sinia, kitayanywa, na ukifika uwanjani ukiondoe kabla hujaweka mezani. Na Julai 24, kama watakuomba tena, jaribu kijani: majani ya mrampe, yaani pandani, yaliyosagwa na kuchujwa ndani ya tui, ukiyapata kwenye maduka ya vyakula vya Asia, hutoa rangi na harufu pamoja.